Nguo ya Kazi na Kifaru Kikuukuu

Wasomaji wetu, kila mwaka siku kuu ya taifa ifikapo, watu hukusanyika kwa maelfu kutazama gwaride. Husifu sare zilizopigwa pasi barabara, viatu vinavyong'aa kama kioo, na hatua zinazolia pamoja kama ngoma moja. Sifa hizo ni za haki, maana askari asiyejua kusimama wima hajajua bado kutii amri. Lakini liko vazi jingine la askari ambalo halipigiwi makofi na mtu. Halina vifungo vya shaba wala utepe. Magoti yake yamepauka, mikono yake imejaa madoa ya grisi, na mwenye kulivaa huonekana miguu tu, kwa kuwa kiwiliwili kimo chini ya injini. Vazi hilo ni bwelasuti, au ovaroli kama wengine wapendavyo kuiita. Juma hili twataka kulisemea neno vazi hilo, pamoja na chombo kikubwa linachokilinda, yaani kifaru cha vita ambacho umri wake umekwisha kuwa mkubwa.

Kwanza tujue habari za vifaru vyenyewe. Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya iliagiza kwa kampuni ya Vickers ya Uingereza vifaru vya aina ya Mark 3. Jumla yake vilikuwa 76, pamoja na magari 7 ya minyororo ya kuokolea vifaru vilivyokwama au kuharibika, na vilianza kuletwa mwaka 1979 hata ikafika mwanzo wa miaka ya 1980. Kila kimoja kina uzito wa tani 38 hivi, mzinga wa milimita 105, na injini ya dizeli yenye nguvu za farasi 720. Ndani yake hukaa watu wanne: kamanda, mpiga mzinga, mpakia makombora na dereva. Mji wa Isiolo ukawa makao makubwa ya vifaru vya jeshi letu.

Hesabu ya miaka si ngumu. Kifaru kilichofika nchini mwaka 1980 kilitimiza miaka 40 mwaka 2020. Mtoto aliyezaliwa siku kilipopakuliwa melini angeweza sasa kuwa na wajukuu. Ni gari gani la mkulima, au baiskeli gani ya karani, iliyodumu miaka hiyo yote bila mtu kuitazama kila siku kwa jicho la huruma?

Sasa na tuutazame mji wa Modogashe, mahali zinapokutana kaunti za Garissa, Isiolo na Wajir. Hapo ndipo penye njia panda: aliyetoka Isiolo huelekea Habaswein na Wajir, na mwingine hushuka kwenda Garissa. Chombo chochote cha jeshi kitokacho Isiolo kwenda kulinda mpaka wa kaskazini mashariki kwa njia hiyo hakina budi kupita katika nchi ya namna ya Modogashe. Ni nchi ya michongoma, mchanga na vumbi, na joto la mchana huweza kupita nyuzi 35. Mvua ikinyesha, laga zilizokuwa kavu jana hugeuka mito leo, na ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu hugeuka uji.

Wenyeji wa upande huo hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mfugaji wa ngamia hampakii mnyama wake safari ya siku nyingi bila kumtazama mgongo na nyayo. Ajua kwamba kidonda kidogo chini ya tandiko kikipuuzwa leo, keshokutwa mzigo utabaki porini, na labda mwenye mzigo pia. Ngamia mzee bado hubeba, tena huijua njia kuliko kijana, lakini yataka mtu wa kumtazama zaidi. Kifaru nacho ni vivyo hivyo.

Wala si mara ya kwanza vyombo vilivyochakaa kutumwa katika nchi hiyo ngumu. Katika Vita Kuu ya Pili, tarehe 16 Desemba 1940, majeshi ya Afrika ya Kusini na ya Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, yalishambulia boma la Waitalia pale El Wak. Pamoja nao walikuwamo vifaru vidogo vyepesi vya Vickers, vya muundo wa mwanzo wa miaka ya 1930, ambavyo katika vita vya Ulaya vingehesabiwa kuwa vya zamani mno. Hata hivyo vilifika, na boma likatwaliwa. Karibu miaka 71 baadaye, mwezi Oktoba 2011, jeshi la Kenya lilivuka mpaka kuingia Somalia kuwafuata Al-Shabaab. Mvua za msimu zikaanguka, na magari yakakwama matopeni njiani kuelekea Afmadow. Katika habari zote mbili fundisho ni moja: katika nchi ile, ardhi hupigana kabla ya adui.

Adui wa kwanza wa kifaru ni vumbi. Injini ya Mark 3 ina silinda 12, na hupumua makumi ya maelfu ya lita za hewa kwa dakika moja ikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Hewa ya Modogashe, minyororo ya kifaru ikisha kuitimua ardhi, si hewa tupu bali ni hewa iliyochanganyika na mchanga laini kama unga. Chembe za mchanga huo zikiingia katika silinda hufanya kazi ya jiwe la kunolea: hukwaruza chuma, pete za pistoni hulika, oili hupenya na kuungua, moshi hutoka, na nguvu hupungua. Kinga yake ni chujio la hewa. Chujio si kitu cha fahari. Hufunguliwa, hukung'utwa, hupulizwa, hutazamwa kama lina tundu, kisha hurudishwa. Ni kazi ya kuchosha na ya kuchafua uso, tena yapasa kufanywa jioni, wakati kila mtu angependa kunywa chai. Lakini askari akiiruka kazi hiyo, gharama yake si chujio bali ni injini nzima.

Adui wa pili ni mwendo wenyewe. Gari la magurudumu huchakaza mpira, lakini kifaru huchakaza chuma. Kila kipande cha mnyororo kimeungwa na mwenzake kwa pini, na kila hatua huila pini hiyo kidogo. Mnyororo ukilegea sana huweza kuchomoka katika kona. Ukikazwa sana hujila wenyewe pamoja na meno ya gurudumu linalouvuta. Kwa hiyo wenye busara hawakiendeshi kifaru safari ndefu kwa minyororo yake kama upo uwezo wa kukipakia juu ya lori kubwa la kubebea vifaru. Raia wakiona kifaru kimepandishwa juu ya lori, wengine hucheka na kusema, "Tazama, kifaru kimechoka!" Hakikuchoka. Kinawekewa akiba ya miguu, kama vile mkulima anavyolibeba jembe begani asilikokote njiani.

Sasa twarudi kwenye nguo, maana hapo ndipo watu wengi hufikiri kuwa ni jambo dogo.

Neno kaki asili yake ni lugha za Uajemi na Bara Hindi, na maana yake ni rangi ya vumbi. Askari wa King's African Rifles wa zamani waliivaa kaptura ya kaki, kwa kuwa ilifanana na nchi waliyoikanyaga. Vifaru vilipoanza kutumika vitani, huko Flers katika Ufaransa tarehe 15 Septemba 1916, ilionekana mara moja kwamba nguo ya askari wa miguu haifai ndani ya sanduku la chuma lenye moto, mafuta na moshi. Baadaye Waingereza wa kikosi cha vifaru wakachagua kofia laini nyeusi, sababu moja ikiwa kwamba nyeusi haionyeshi madoa ya oili. Likatumika pia vazi la kipande kimoja, kutoka shingoni hata kwenye vifundo vya miguu.

Kwa nini kipande kimoja? Kwa sababu shati huchomoka katika suruali, na pindo lililochomoka hupenda kushikwa na kitu kinachozunguka. Kwa sababu mlango wa kifaru ni mwembamba, na mtu anayekimbia moto hana nafasi ya kujinasua katika ndoano. Majeshi kadha wa kadha huweka katika vazi hilo ukanda imara nyuma ya mabega, ili mwenzake aliye juu aweze kumshika askari aliyejeruhiwa na kumvuta nje kupitia tundu la mnara. Mshonaji aliyeushona ukanda ule vizuri, kwa uzi wenye nguvu, huenda akaokoa maisha ya mtu ambaye hatamwona kamwe.

Tena liko jambo la moto. Nguo ya nailoni ikishika moto huyeyuka na kushikamana na ngozi, na jeraha lake ni baya sana. Nguo ya pamba nzito huungua, lakini haiyeyuki. Tangu miaka ya 1960 kimepatikana kitambaa kiitwacho Nomex, kilichobuniwa na kampuni ya DuPont ya Marekani, ambacho hakiendelei kuwaka kikiondolewa katika mwali wa moto, na majeshi mengi hukitumia kuwavika watu wa vifaru na wa ndege. Lakini hata kitambaa bora kina adui mmoja, nao ni uchafu. Bwelasuti iliyolowa dizeli na oili haiwi tena kinga. Imekuwa utambi, na aliyeivaa ndiye mshumaa.

Kwa hiyo kufua nguo ya kazi si urembo, bali ni sehemu ya matengenezo ya kifaru kama kulisafisha chujio. Askari apaswa kuwa na mbili: moja mwilini, moja kambani. Katika nchi kama ya Modogashe, ambako maji hutoka katika visima virefu na watu na mifugo huyangoja kwa zamu, jambo hili lataka mpango wa mkubwa wa kikosi. Maji ya kufulia hayana budi kuhesabiwa katika shehena pamoja na dizeli na makombora. Na mtu yeyote asidanganyike kuifua bwelasuti yake kwa petroli, kama wafanyavyo mafundi wengine wavivu. Mafuta ya grisi yataondoka kweli, lakini mvuke wa petroli hubaki katika nyuzi, na kiberiti kimoja tu kitafanya msiba.

Wakulima wetu wasidhani kwamba habari hii ni ya askari peke yao. Nyuma ya trekta liko shafti linaloendesha mashine ya kusagia au pampu ya maji. Kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ncha ya shuka, mkono mpana wa kanzu au pindo la koti kuukuu likiguswa na shafti hilo, mtu huzungushwa nalo kabla hajapata kusema neno. Ajali ya namna hiyo haina fundi wa kuitengeneza. Afadhali mkulima acheke anapoitwa "makanika" kwa ajili ya nguo yake iliyombana, kuliko wenzake kumlilia.

Tena mkulima ana fungu lake katika vazi lenyewe. Pamba haioti dukani. Huko Bura, kando ya mto Tana, kusini ya Garissa, pamba ndiyo iliyokuwa zao kuu la skimu ya umwagiliaji katika miaka ya 1980. Na huko Eldoret kiko kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoanguka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kisha kikafunguliwa upya mwaka 2019 kikiwa na mitambo mipya. Nchi ilimayo pamba yake, ikaisokota na kuishona, haiwezi kusema kwamba askari wake wamekosa bwelasuti ya pili kwa sababu meli imechelewa.

Makarani nao wasisimame kando. Sisi tushikao kalamu tuna tabia ya kumtazama mwenye grisi mikononi kama mtu wa chini, na kumwambia angoje nje asije akachafua meza. Lakini kifaru kikuukuu huishi kwa daftari kama kinavyoishi kwa spana. Na tueleze sababu.

Kampuni ya Vickers iliyoviunda vifaru hivyo haipo tena kwa hali ile. Mwaka 2002 kazi yake ya vifaru ilinunuliwa na kampuni ya Alvis, na mwaka 2004 Alvis nayo ikaingia katika kampuni kubwa ya BAE Systems. Chombo kikipoteza hivi mama yake, spea zake huwa adimu mwaka hata mwaka. Kwa bahati njema injini ilitoka kwa mama mwingine. Ni ya jamii ya Detroit Diesel 71, iliyoanza kuundwa Marekani mwaka 1938, na ambayo ndugu zake wametiwa katika mabasi, malori, mashua na mitambo ya umeme duniani kote. Katika jamii hiyo sehemu nyingi za silinda hufanana, injini ikiwa ndogo au kubwa. Kwa hiyo karani anayejua namba za sehemu hizo, na aliyeziandika sawasawa, aweza kuipata mbali na mlango wa muunda kifaru sehemu ambayo karani mwingine angeandika, "Haipatikani."

Iko na njia nyingine, nayo ni kung'oa sehemu katika kifaru kimoja na kumpa mwenzake. Njia hiyo hutumika katika majeshi yote yenye vyombo vikuukuu, wala si aibu, ikiwa imeandikwa. Isipoandikwa, mambo huharibika. Leo pampu imeondoka, kesho waya, mtondo rola mbili. Na mkubwa akija kukagua huhesabu vifaru kumi vimepangwa mstari mmoja vimepakwa rangi, kumbe vinne ni maganda matupu. Siku amri ya kuondoka itakapotoka, ndipo ukweli utakapojulikana, na siku hiyo si siku nzuri ya kuujua. Karani mwaminifu aliyeandika, "Kifaru hiki hakiendi," amelitumikia taifa kuliko aliyeandika kumi ili kumfurahisha mkubwa.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Watu wanne wakifungiwa ndani ya kifaru, wameziweka roho zao mikononi mwa watu ambao hawamo humo: fundi aliyesafisha chujio, mshonaji wa ukanda wa mabega, dobi, karani wa ghala, na mkubwa aliyetia sahihi kwamba chombo ni kizima. Mmoja wao akidanganya, wale wanne ndio watakaolipa, porini, mbali na macho yetu. Askari aliyeapa kuifia nchi hakuapa kufa kwa sababu ya uvivu wa mtu.

Wako wasemao kwamba dawa ya haya yote ni kununua vipya. Kweli, kila chombo kina mwisho wake, na ikifika siku ambayo chuma kimechoka kiasi cha kuwahatarisha waliomo, lazima mkubwa awe na moyo wa kusema, "Sasa kipumzike." Lakini umri peke yake si ugonjwa. Wanajeshi wa Uganda waliokwenda Mogadishu chini ya Umoja wa Afrika, kuanzia mwaka 2007, walipigana mitaani wakiwa na vifaru vya T-55, ambavyo muundo wake ni wa miaka ya 1950. Na aliyeshindwa kutunza cha zamani, ni nani atakayemwamini kwamba atatunza kipya? Kipya nacho kitapita Modogashe, nacho kitapumua vumbi lile lile. Tofauti itakuwa tu kwamba kitaharibika kwa bei kubwa zaidi.

Basi wasomaji, tuwafundishe vijana wetu kuheshimu mavazi yote mawili ya askari. Sare ya gwaride huonyesha kwamba jeshi lina nidhamu mbele ya watu. Bwelasuti huonyesha kwamba lina nidhamu pasipo watu. Na wewe mkulima, jioni hii kabla hujalala, kalitazame chujio la trekta lako au la pampu yako. Na wewe karani, kesho asubuhi fungua daftari lako la ghala, kisha uende ukahesabu vitu kwa macho yako mwenyewe, uone kama rafu na kitabu vinasema neno moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi ukuta wetu ni mrefu, tangu Isiolo hata mpakani.